Hotuba ya Muuza Samaki kwa Lugha ya Wakwe

Oxenby, Yorkshire
11 Januari

Bwana Calleja,

Utanisamehe kukuandikia kabla hatujajuana. Mimi ni Hilary Bairstow, mama yake Callum, kijana atakayemwoa binti yako Casilda mwezi wa Juni. Kihispania changu nilikipata Salamanca nikiwa msichana, nikakifundisha shuleni hadi nilipostaafu, kwa hiyo kina kutu kidogo na adabu za kizamani. Ukikuta neno lililokwisha kuzikwa huko kwenu, cheka tu.

Nina jambo dogo. Tunapanga chakula cha harusi, na mwenye ukumbi anataka kujua hotuba zitachukua muda gani ili nyama isipoe. Bwana harusi atasema. Rafiki yake atasema, na huyo tunamwombea asiseme sana. Lakini wa kwanza kusimama, kama kawaida, ni baba wa bibi harusi. Casilda ameniambia kwamba hupendi kusema mbele za watu, tukuruke. Naheshimu hilo, ila nimeona si vizuri kumruka mtu bila kumwuliza mwenyewe. Ukipenda kusema kwa Kihispania, nitasimama kando yako nitafsiri.

Mume wangu Geoffrey anakusalimu. Ameinua macho kutoka kwenye gazeti, na kwa Geoffrey hiyo ni hotuba.

Wako kwa heshima,
Hilary Bairstow


Fuentesalda, Palencia
24 Januari

Mkwe mwenzangu mpendwa,

Usishtuke kuitwa hivyo. Kwetu wazazi wa mume na wazazi wa mke wana jina lao kabisa la kuitana, na ndilo hilo. Casilda anasema Kiingereza hakina neno la namna hiyo. Ni kweli? Sasa mnaitanaje sikukuu zikifika? "We pale, nipe chumvi"?

Barua yako nimeisoma nimeegemea gari, na nikaisoma tena, kwa sababu nilikuta ndani yake hotuba ambayo sikuwa naijua. Hotuba gani? Harusi zetu hazina hotuba. Tunakula, tunacheza, na baba wa bibi harusi analia pembeni karibu na paja la nguruwe, watu wakijifanya hawamwoni. Casilda aliniambia hivi, neno kwa neno: "Baba, utaniingiza kanisani, utakaa, utakula, basi." Nikasema, haya, kazi hiyo naiweza.

Na eti sipendi kusema mbele za watu! Mkwe, mimi nauza samaki. Nina gari lenye kipaza sauti juu ya paa, nazunguka vijijini kutangaza chewa na sadini kwa watu wanaoishi mbali na bahari kuliko ngamia. Mbwa wa wilaya nzima wananijua kwa sauti. Sasa kwa nini binti yangu akuambie hivyo? Ama ananihurumia, ama ananionea haya. Nimekaa na swali hilo kama mwiba wa samaki kooni: halinizuii kula, lakini kila nikimeza nalisikia.

Basi nimeamua. Nitasema, na nitasema kwa Kiingereza. Casilda asijue. Nimenunua kijitabu cha nahau za Kiingereza pale kituo cha mabasi Palencia, kimeandikwa kwa ajili ya Wahispania, na dibaji inaapa kwamba Mwingereza bila nahau hafungui kinywa. Ukurasa wa kwanza unasema kwenu mvua ikizidi hunyesha paka na mbwa. Kwetu hunyesha mitungi. Mtungi nauelewa, una maji ndani. Paka wametoka wapi? Nieleze, nina miezi mitano na kichwa kigumu.

Honorino Calleja, mkwe mwenzio


Oxenby
6 Februari

Bwana Honorino,

Mtu akitoboa siri, ninyi husema ameinua sungura mafichoni. Sisi tunasema amemwaga maharage. Ya nani, na kwa nini ni maharage na si mbaazi, hakuna ajuaye. Ila mimi nimeyamwaga, sakafu nzima. Casilda alitaka usijue, na nimekujulisha ili nyama isipoe! Naona aibu. Lakini kwa kuwa yameshamwagika, tuyapike.

Kuhusu paka, hakuna mwenye jibu. Geoffrey anasema zamani walilala juu ya mapaa ya nyasi, mvua ikawaporomosha. Geoffrey ana maelezo ya kila kitu na ushahidi wa chochote hana.

Hotuba yenyewe ni nyepesi. Kijitabu chako kitakuambia ni kipande cha keki. Kwenu ni mkate uliokwisha kuliwa. Baba anawakaribisha wageni, anamtania binti yake kidogo kwa kisa cha utotoni, anaomba watu wainue glasi. Dakika tano zinatosha. Watu watakuwa kimya kabisa, na kimya hicho kisikutishe: Mwingereza akinyamaza ndipo anaposikiliza.

Na jina la wakwe, kweli hatuna. Jana kwenye foleni ya posta jirani aliniuliza barua ni ya nani. Nikaanza, "Ni ya baba yake msichana ambaye mwanangu..." Mpaka nimalize alikuwa ameshanunua stempu akaondoka.

Kuhusu Casilda, sitamwuliza chochote, umeniomba siri. Lakini na mimi sasa nina mwiba wangu. Nataka kujua.

Hilary Bairstow


Fuentesalda
2 Machi

Mkwe,

Nimeshaandika, na nimeshaanza mazoezi. Nyumbani sauti yangu inarudi kutoka ukutani inanicheka, kwa hiyo nafanyia garini, kwenye kipaza sauti, kati ya kijiji na kijiji. Kosa langu ni kwamba nilisahau kukizima nilipoingia uwanjani. Visitación, mteja wangu wa siku zote, akatoka na sahani yake.

"We Honorino! Leo unauza nini, mbona sielewi?"

"Nauza binti."

"Ana miiba?"

"Kibao. Kamfuata mama yake."

"Basi nifungie nusu."

Ikabidi niwaeleze, na wanawake wote wakaketi kwenye ukingo wa chemchemi kunisikiliza. Hawajui Kiingereza hata chembe, lakini wana maoni. Visitación akanikatiza mapema: "Ngoja kwanza. Harusi gani hii haina kelele?" Wewe uliishi Salamanca, unakumbuka: kwetu mtu yeyote, wakati wowote, hata mdomo umejaa, anaruhusiwa kupiga ukelele "Wadumu maharusi!", na ukumbi mzima unaitika "Wadumu!" Sasa ndivyo tunavyofanya. Namaliza kipande, nasimama, Visitación anapiga ukelele, wenzake wanaitika, mimi navuta pumzi na kipande kinachofuata kinakuja chenyewe. Tumefanya hivyo wiki tatu. Nimekuwa kama punda wa kisima: asiposikia kengele haendi.

Hotuba inaanza hivi, nipe maoni. "Niko juu ya mwezi." (Kijitabu kinasema ndiyo furaha. Sisi tukiwa na furaha hatuendi mbali hivyo.) "Casilda ni tufaha la jicho langu." (Kwetu ni mboni, lakini sawa, tufaha.) "Hulia mara moja mwezi ukiwa wa buluu." (Yaani ni nadra sana.) "Kumlea kulikuwa kipande cha keki. Na tangu utotoni ana miguu baridi." Hili la mwisho si nahau, ni ukweli mtupu. Majira ya baridi alikuwa akiingia kitandani kwetu na kunibandika nyayo zake mgongoni, na mimi narukia dari, mama yake anacheka hadi machozi. Mama yake ametutoka sasa miaka minne. Nilitaka acheke kidogo na siku hiyo, ndiyo maana nimeliweka.

Honorino


Oxenby
19 Machi

Bwana Honorino,

Nimecheka mpaka Geoffrey akauliza kuna nini, na Geoffrey haulizi.

Kwanza, ondoa miguu baridi. Kwetu inasemwa kwa mtu aliyeingiwa na hofu ya kuoana dakika za mwisho. Ukitamka hivyo siku ya harusi, mwanangu atazimia kwenye supu. Kisa chenyewe usikiache. Sema nyayo zake zilikuwa kama samaki wako kwenye barafu. Hilo halimo kwenye kijitabu chochote, na ndiyo maana ni zuri.

Pili, nahau ni kama makoti. Mtu huvaa moja. Wewe umetoka na kabati zima. Baki na mwezi.

Sasa lile jambo lingine. Tuna nahau ya tembo chumbani: kitu kikubwa ambacho kila mmoja anakiona na hakuna anayekitaja. Tembo wetu tunamjua. Nilisema sitauliza, na sikuuliza. Lakini Jumapili walikuja kula kwetu, na Callum akiwa anaosha vyombo akaanza kutangaza kwa Kihispania kibovu: "Sadini, sadini, mbichi kuliko nyinyi!" Nikamwuliza kalitoa wapi. Kumbe Casilda ana sauti yako kwenye simu, amekurekodi ukipita na gari, na huisikiliza akipika. Callum ameishika yote kwa moyo.

Mtu anayemwonea baba yake haya hafanyi hivyo. Basi mwiba wa haya umetoka. Swali limebaki palepale.

Hilary B.


Leeds
28 Aprili

Baba,

Siri gani inafanyiwa mazoezi kwenye kipaza sauti? Visitación kanipigia simu jana kunipongeza kwa hotuba. Anasema ni nzuri sana, ingawa haelewi hata neno.

Usimlaumu Hilary. Mimi ndiye niliyekudanganya, na nikamdanganya na yeye. Nakueleza kwa barua kwa sababu kwenye simu utanitania na sitamaliza.

Unakumbuka ile misa ya mama, ya kutimiza mwaka. Ulisimama kusoma. Ukafungua karatasi, ukatutazama, na sauti haikutoka. Wewe, ambaye sauti yako inaamsha vijiji! Ulisimama pale, kanisa zima likikutazama, hadi nikaja nikaichukua karatasi mkononi mwako nikasoma mimi. Tukaenda nyumbani na hukuwahi kulitaja. Hata mzaha hukufanya. Hapo ndipo nilipojua limekuumiza, kwa kuwa hakuna kitu usichokifanyia mzaha.

Nilijiapiza kwamba sitakuona tena umesimama hivyo kwa ajili yangu. Na sasa tena mbele ya wageni, kwa lugha isiyo yako. Nitakuwa nimevaa gauni zito, Baba, sitaweza kufika upesi. Nakuomba, kaa, kula. Kuwepo kwako kunanitosha.

Casilda wako


Fuentesalda
9 Mei

Mwanangu,

Barua yako imenikuta nagawa kome, na Visitación ameniona uso, akataka kujua nani kafa. Nikamwambia hakuna, ni barafu imeniingia machoni. Hakuniamini, lakini alikaa kimya, nawe unajua hilo si jambo dogo.

Umesema kweli. Siku ile sauti iliniacha. Nami nimejiuliza mara nyingi ilikwenda wapi. Jibu nililolipata ni hili: ile karatasi aliiandika padri. Maneno mazuri, ya padri. Nilipoyatazama sikumwona mama yako hata kidogo ndani yake. Safari hii maneno ni yangu, nimeyachonga mwenyewe kijiji kwa kijiji, na pale nilipoyachonga kombo mkwe wangu ameyanyoosha. Mama yako yumo. Anacheka.

Niache nijaribu, Casilda. Ninachokuomba wewe ni kimoja: ukae kitini. Ukisimama kuja kuniokoa nitakutangaza mbele ya Waingereza kama sadini.

Baba


Oxenby
30 Mei

Bwana Honorino,

Casilda amekuja kwangu, ameniambia yote, amelia kidogo, amekula keki. Amekubali kukaa, lakini sijui kama miguu yake imekubali.

Je, Visitación anakuja? Nimemwekea kiti.

Mtu akienda kupanda jukwaani sisi humwambia avunjike mguu. Ni baraka. Basi: vunjika mguu.

Hilary


Fuentesalda
7 Juni

Mkwe,

Visitación anasema ndege ni za ndege. Haji mtu, nakuja peke yangu na koti moja, na nahau moja kama ulivyoagiza.

Kwetu mtu anayepanda jukwaani huombewa kinyesi kingi. Nimefikiria sana ni baraka ipi nzuri kati ya hizo mbili, na naona tuwaachie wakwe wachague.

Honorino


Oxenby
3 Julai

Bwana Honorino,

Nyumba imetulia, mashuka yamefuliwa, maharusi wamerudi kutoka fungate wameungua pua. Nimeona nikuandikie, maana siku ile wewe ulikuwa umesimama unatazama mwisho wa ukumbi, na yapo mambo hukuyaona.

Ulisema uko juu ya mwezi. Watu wakacheka vizuri. Kisha ukanyamaza. Na sisi tukanyamaza, tunakusikiliza, kama nilivyokuahidi. Ukazidi kunyamaza. Tukazidi kukusikiliza. Kaka yake Geoffrey aliacha kutafuna. Geoffrey akaninong'oneza, "Masikini, kakwama." Nikamtazama Casilda. Mkono mmoja ulikuwa umekunja gauni, wa pili umeshika ukingo wa meza, na kiti kilikuwa kimeshaanza kurudi nyuma.

Hapo ndipo nilipoiona barua yako ya Machi mbele ya macho yangu, na Visitación kwenye ukingo wa chemchemi, na kile kiti chake kitupu kando yangu.

Mimi sijawahi kupaza sauti mbele za watu. Darasani nilinyamazisha watoto kwa nyusi. Sijui nilisimamaje. Nasikia glasi ilianguka. Nadhani ni yangu. Nikapiga ukelele: "Wadumu maharusi!"

Hakuna aliyejibu. Geoffrey alinitazama kama nimevua nguo. Na nilikuwa natafuta njia ya kukaa bila kuonekana, ndipo sauti moja tu ikaitika, "Wadumu!" Ilikuwa ya Casilda. Aliitika huku anakaa. Aliachia gauni, akavuta kiti mezani, akakutazama wewe, na wewe ukaanza kisa cha nyayo na samaki kwenye barafu.

Mengine unayajua. Kituo cha pili Geoffrey ndiye aliyeitika, bila kujua anaitika nini. Kituo cha tatu ukumbi mzima, na yule rafiki yake Callum alikuwa juu ya kiti. Nyama ilipoa kabisa. Mwenye ukumbi bado hanisemeshi. Na Geoffrey, tangu siku ile, chai ikiwa tayari hupiga "Wadumu!" kutoka jikoni.

Kila mtu hapa ana nadharia yake kuhusu kimya kile. Mimi nina swali, ni la udadisi tu, na nitakachojibiwa kitaishia kwangu. Ulikuwa unangoja ukelele, kama ulivyozoea na wanawake wako? Au ulikwama?

Hilary, mkwe mwenzio


Fuentesalda
15 Julai

Mkwe mwenzangu,

Kwanza nimeonyesha barua yako kwa Visitación, sehemu ya glasi tu. Ameagiza nikuambie kwamba kwa mara ya kwanza si mbaya, lakini ukelele hutoka tumboni, si shingoni. Anakutaka uje Agosti ufanye mazoezi.

Pili, swali lako. Visitación ameniuliza. Padri ameniuliza. Casilda aliniuliza usiku uleule, tukicheza, na nilimwambia kama nilivyowaambia wengine wote: "Nilikuwa nangoja, mwanangu. Hawa wakwe zako hawana adabu za harusi, ikabidi niwape muda." Alicheka mpaka akanikanyaga.

Na kwa kiasi ni kweli. Nilipomaliza la mwezi nilingoja ukelele. Haukuja. Nikajiambia, punda wewe, Visitación yuko kwao anakaanga sadini, endelea mwenyewe. Neno la kufuata nilikuwa nalo kinywani. Nikamgeukia Casilda, maana kisa ni chake, na yeye alikuwa ameinamisha kichwa upande hivi, jicho moja kalifinya, kama mama yake alivyokuwa akimpima chewa kabla ya kumkata. Yule yule. Basi kila kitu kikatoka kichwani. Kiingereza kikaondoka, na Kihispania kikakifuata. Ungeniuliza jina langu nisingekupa. Nilikuwa kanisani tena, mkwe, na karatasi mkononi, na nikakiona kiti chake kinasogea.

Kisha kuna mwanamke akapiga kelele za Kihispania kwa matamshi ya Yorkshire, na miguu yangu ikakumbuka kazi, kama punda na kengele.

Kwa hiyo nilikwama. Unajua wewe, na sasa najua mimi. Lakini Casilda anawasimulia watu kwamba baba yake alisimama mbele ya Waingereza themanini akawangojea hadi wakajifunza kuitikia, na anavyosimulia naambiwa hutingisha mabega kama mama yake. Mwache asimulie. Haya maharage, mkwe, yabaki chunguni.

Honorino